Siku Homa Ilipopigwa Picha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye nimeelekezwa nikutaje kwanza, na mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali hii. Waheshimiwa madaktari bingwa, na nyinyi madaktari ambao ubingwa wenu bado uko njiani. Wauguzi, mafundi wa mitambo, wapishi, na walinzi wa getini mlionizoea mpaka mkaacha kunikagua. Ndugu wageni waalikwa, pamoja na mliokuja bila kualikwa kama nilivyofanya mimi katika sherehe nyingi. Na juu ya wote, Daktari wetu wa Picha, mama uliyekaa pale na maua mapajani, ambaye leo tunakuaga baada ya utumishi wako mrefu: nawasalimu nyote kwa heshima, na nawaomba mkae vizuri vitini, maana nina mengi.

Nimesimama hapa kwa niaba ya wagonjwa na ndugu wa wagonjwa. Familia yangu ilinichagua mimi kwa kauli moja, kauli hiyo ikiwa yangu. Dada yangu, yule pale anayenitolea macho, alitaka kusimama yeye asome karatasi fupi. Nikamwambia, "Dada, wewe utalia kwenye mstari wa kwanza, Mgeni Rasmi atakosa pa kutazama." Akanijibu, "Na wewe, kaka, utaongopa kwenye mstari wa kwanza." Nikasema basi tuone. Mnashuhudia wenyewe: mistari kadhaa imeshapita na bado sijaongopa.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa majokofu. Wananiita Fundi Barafu. Shule nilikaa kiasi cha kuweza kusoma kilichoandikwa ubavuni mwa kompresa, nikaona yatosha, nikawaachia nafasi wengine. Lakini kwa baridi, ndugu zangu, nitafuteni mwenzangu. Niliwahi kutengeneza jokofu la bucha moja, nikalikaza kidogo kuliko lilivyozoea. Mwenye bucha akifungua mlango, watu wa ng'ambo ya barabara wanavaa sweta. Paka wake alipita mbele ya mlango ule siku ya kwanza akapiga chafya, na mpaka leo akiona jokofu lolote, hata lililozimwa, anapiga chafya kwanza ndipo anapita. Msinicheke. Paka yupo, na akitakiwa nitamleta.

Nayasema haya ili mjue kwamba anayezungumza nanyi ni mtu aliyezeeka akishughulika na joto na baridi. Kwa hiyo homa ilipoingia katika ukoo wetu, mimi niliona imekosea mlango. Nilisema, hii imekuja mikononi mwa fundi. Kumbe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ilikuwa imekuja kunifundisha kukaa kimya.

Iliingia kwa mpwa wangu, binti wa huyu dada yangu. Mpwa wangu ni fundi cherehani. Ana kibanda chake pembeni ya barabara, chenye dirisha moja na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na sifa yake ni moja: pindo lake ukilitafuta hulioni. Nguo ataishona kwa mashine, lakini pindo la mwisho analipiga kwa mkono, kwa sindano na uzi, huku amefumba nusu jicho. Ukimuuliza kwa nini anajisumbua, anakwambia mashine haina adabu, inaacha nyayo.

Basi homa ikamkuta pale pale kwenye kiti chake. Ilianza kwa ustaarabu: jioni joto, asubuhi nafuu. Tukasema malaria. Tukapima, hamna. Tukasema homa ya matumbo. Tukapima, hamna. Jirani mmoja akasema ni wivu wa watu, huyo hatukumpima. Mimi nikasema ni jino. Nilisema kwa uhakika kabisa, maana niliwahi kuumwa jino nikachemka hadi nikakaushia soksi kichwani. Tukampeleka kwa daktari wa meno. Daktari akatazama, akagonga, akatazama tena, akayasifu meno yale mpaka nikaona aibu kwa ajili ya yangu.

Na homa ikaendelea. Majuma yakawa miezi. Kila usiku alilowa jasho, na kila asubuhi dada yangu alianika godoro uani, hata wapita njia wakadhani tuna mtoto mchanga. Magauni aliyojishonea mwenyewe, yaliyokuwa yakimkaa kama yamemiminwa, yakaanza kumning'inia. Akawa anayapunguza. Anayapunguza tena. Siku moja nilimkuta kibandani anabana kiuno cha gauni lilelile kwa mara nyingine, nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo ni ya mteja gani mwembamba hivyo?" Akaniambia, "Ni mimi, mjomba." Nilitoka nje nikajifanya nakagua baiskeli.

Ndipo tukamleta hapa. Na hapa, nasema mbele ya Mkurugenzi, walihangaika naye. Sitaki mtu aondoke akidhani nawasema vibaya madaktari wa wodini, wale ndio waliokataa kumwacha. Walichukua damu ya asubuhi, wakachukua ya jioni, wakaivizia homa ikipanda wakachukua nyingine. Wakaotesha damu ile wakitafuta vijidudu, havikuota. Wakapiga eksirei ya kifua: safi. Wakapiga ultrasaundi ya tumbo: safi. Wakatafuta kifua kikuu: hakipo. Ndugu zangu, mmewahi kuliogopa neno "safi"? Sisi tulifika mahali muuguzi akija na jibu, tukiona anatabasamu, tunatamani arudi alikotoka. Kwa sababu mtoto anaungua mbele yetu, na kila chumba cha mwili wake tunachofungua tunaambiwa hamna moto humu.

Daktari kijana wa wodi ile, naona amejificha nyuma ya nguzo, alituita kando akasema maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Mzee wangu, mama yangu, niwaambie ukweli. Tunajua nyumba inaungua. Hatujui moto uko chumba gani. Nikimwaga maji ovyo, naweza kuharibu nyumba na moto nikauacha." Dada yangu akamuuliza, "Kwa hiyo mwanangu atakufa huku mnatafuta?" Kijana hakumdanganya. Alisema, "Ndiyo maana nataka apelekwe kwenye skani ya sukari."

Sukari! Mimi nilidhani kijana kachoka.

Akatueleza, na hapa naomba mnisikilize, maana nimeieleza habari hii katika mtaa wetu mara nyingi kiasi kwamba sasa watoto wananirekebisha. Alisema chembe za mwili zinakula sukari. Zinazofanya kazi kwa bidii zinakula zaidi, na zile zilizo vitani, zinazopigana au zinazoumwa, zinaila kwa pupa. Basi mgonjwa anachomwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Sukari inazunguka mwilini, inapita mlango kwa mlango, na pale panapoliwa kwa pupa ndipo inapobaki. Kisha mashine inatazama, na pale palipobaki sukari panawaka kwenye picha.

Nilipoambiwa hivyo, nywele za mikono zilinisimama. Kwa sababu ndivyo tunavyofanya sisi! Jokofu likipoteza gesi, huwezi kuona gesi inatokea wapi. Gesi haina rangi. Bomba liko safi, limenyooka, linang'aa. Unachukua povu la sabuni, unapaka bomba zima taratibu, halafu unatulia unatazama. Panapovuja, povu linapumua. Kumbe binadamu wenzetu wamepata povu la kupaka ndani ya mtu aliye hai, bila kumfungua hata kifungo cha shati!

Siku ya skani tulikwenda wote. Mlango wa kitengo kile ni mzito, fundi mitambo anausukuma kwa bega. Sindano yenyewe ililetwa ndani ya kasha la chuma kizito. Nikamuuliza fundi mitambo, "Kijana, hiyo sindano imefanya kosa gani mpaka ifungwe hivyo?" Akasema, "Haijafanya kosa, mzee, ina mionzi. Wewe ndiye utakayefanya kosa ukizidi kusogea." Nikarudi nyuma, kwa hiari yangu.

Mpwa wangu akapewa masharti. Kutokula tangu jana yake, hilo lilikuwa limekwisha. Akishachomwa, alale kwenye kiti cha kuegemea, katika chumba chenye joto na mwanga hafifu, muda wa saa moja hivi. Asitembee, asitafune, asiongee. Atulie tu. Maana misuli ikifanya kazi nayo inakula ile sukari, na picha itasema uongo. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia, "Binti, ukiweza kutulia hivyo, hapo nitaamini kweli unaumwa." Akacheka kwa shida, akasema, "Mjomba, bahati yako siyo wewe unayepimwa. Wangekushona mdomo kwanza." Mlango ukafungwa.

Kesho yake madaktari wa wodini walikuja wakitembea haraka, na mtu aliyekaa hospitali anajua kusoma mwendo wa daktari. Walikuwa wameona! Mkono wa kulia umewaka. Shina la kidole gumba limewaka, na misuli ya mkono kuelekea kwenye kiwiko imewaka vilevile. Dada yangu akapiga magoti pale pale sakafuni. Mimi nikawapa mikono madaktari wote, na mgonjwa wa kitanda cha pili, na mtu aliyekuja kuuza magazeti.

Kisha wakasema inabidi mpasuaji achukue kipande kidogo cha nyama kutoka shina la kidole gumba, kikapimwe kujua ni ugonjwa gani.

Mpwa wangu akauficha mkono chini ya shuka. Akauliza, "Kipande kidogo cha wapi?" Wakamwonyesha. Akasema, "Daktari, kidole gumba cha fundi cherehani kina kipande gani ambacho hakina kazi?" Wakamwambia watajitahidi, lakini hawawezi kuahidi kwamba mshiko utarudi kama ulivyokuwa. Dada yangu akamwambia, "Mwanangu, bora kidole kuliko roho." Na mimi nikaunga mkono, kwa ule uhakika wangu wa siku zote. Mtoto akageukia ukutani asiseme tena. Sisi tulidhani ni huzuni.

Na hapa ndipo ulipoingia wewe, Daktari.

Ndugu zangu, tuwe wakweli: nani kati yetu aliwahi kumwona daktari wa picha? Tunamwona wa wodini, tunamwona wa upasuaji akipita na kofia yake. Daktari wa picha tunasikia tu, "picha imesomwa." Na nani? Hujui. Mimi nilidhani picha zinajisoma zenyewe. Basi mchana ule mlango wa wodi ukafunguliwa, akaingia mama mmoja amevaa sweta wakati sisi wote tunajipepea, kwa sababu chumba anachofanyia kazi kina baridi ya mashine, na kwa hilo peke yake nilimheshimu. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Akavuta kiti, akakiacha, akakaa kitandani.

Akamuuliza, "Binti, unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani, Daktari."

"Ya umeme au ya kukanyaga?"

"Ya kukanyaga."

"Mbona basi miguu yako ni giza?" Akaushika ule mkono wa kulia, akapitisha kidole chake kutoka kwenye gumba mpaka chini kidogo ya kiwiko. "Umewaka hapa, na hapa, na hapa. Mkono wa kushoto kimya. Miguu kimya. Nimesoma picha nyingi sana, na ugonjwa hauna tabia ya kuchagua misuli ya kushika sindano na kuiacha mingine. Kule ndani ulitulia?"

"Nilitulia, Daktari. Nililala kama gogo."

Daktari akamtazama. Akatazama ukosi wa gauni lake. Akasema kwa upole kabisa, "Na hiyo sindano iliyochomekwa ukosini, yenye uzi mweupe, ni ya hospitali au ni ya kwako?"

Mungu wangu! Tulikuwa tumekaa na binti huyu siku nzima, mama yake mzazi, mimi mjomba wake mwenye macho yanayoona tundu la bomba lisiloonekana, na hakuna aliyeiona sindano ile, kwa sababu hatujawahi kumwona bila sindano ukosini. Ni kama pua yake.

Mpwa wangu akaanza kulia. "Zilikuwa sketi mbili tu, Daktari. Sare za shule. Nilizikunja nikaziweka chini ya khanga, nikasema nimalizie mapindo. Hawakuniambia nisishone. Waliniambia nisifanye kazi."

"Na kushona ni nini?"

"Mashine ndiyo kazi, Daktari. Pindo la mkono… mimi nikipiga pindo ndiyo napumzika."

Daktari alicheka mpaka kitanda kikalia. Wauguzi wakacheka. Dada yangu peke yake hakucheka. Alikuwa ameshavua kiatu, anamfuata mtoto. "Walitaka kukukata kidole! Kidole! Na wewe umefunga mdomo!"

"Mama, nilisikia foleni ya ile mashine ni ndefu. Nikasema nikikiri nimeharibu picha, watanirudisha mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni mimi sifiki."

Hapo kicheko kikaisha. Kiatu kikarudi mguuni. Hatukuwahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake, kwamba anajua hali yake kiasi hicho.

Daktari akamshika kidevu kama mtoto. "Hakuna atakayekukata, na hukuharibu picha. Umewasha taa kubwa sebuleni, ndiyo hiyo iliyotushangaza wote. Sasa ninakwenda kuizima, nikatazame vyumba vingine."

Mimi ni mtu gani wa kubaki wodini baada ya kauli kama hiyo? Nikamfuata. Nikamwambia, "Daktari, mimi ni fundi, na wewe ni fundi. Nionyeshe." Angeweza kuita mlinzi. Akasema, "Twende, fundi, ila usiguse kitu." Dada akafuata nyuma, kunichunga.

Chumba chake ni giza, kuna vioo vikubwa vya kompyuta na kikombe cha chai iliyopoa. Akabonyeza. Na mpwa wangu akatokea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nimesimulia mambo mengi maishani mwangu, na mengine, dada yangu asisikie, niliyaongezea chumvi kidogo. Hili haliongezeki. Nilimwona mtoto niliyembeba mgongoni akiwa mdogo, amesimama gizani, mwili wake wote kama kivuli cha moshi, anazunguka taratibu, na ndani yake kuna mianga. Nilivua kofia. Sikuambiwa, mkono ulikwenda wenyewe. Nikauliza kwa sauti ya chini, "Mbona kichwa kinawaka?" Daktari akasema ubongo unakula sukari wakati wote, hata mtu akikaa kimya. Nikasema, "Basi wangu ungeunguza mashine." Dada yangu akasema gizani, "Wako wangedhani umeme umekatika."

Daktari hakutusikia. Alikuwa ameshaingia kazini. Aliuondoa ule mkono wa kulia kwenye picha, akaikata picha kama mtu anavyokata mkate, vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, juu kushuka chini. Akapunguza mwanga, akauongeza. Hakuwa na haraka. Sisi tulipumua kwa zamu. Akasimama mahali, akarudi nyuma, akasimama tena palepale. Akasema, "Ahaa. Kumbe uko huku."

Sikuona kitu. Akanishika mabega akanisogeza, akanionyesha kwa kalamu. Ndipo nikauona. Palikuwa na mstari hafifu, mwembamba kama uzi, unatoka penye moyo, unapanda, unapinda, na tawi lake moja linakwenda chini ya mfupa wa bega la kushoto. Ulikuwa umefifia sana. Mbele ya ule mkono uliokuwa ukiwaka kama taa ya uwanjani, nani angeuangalia uzi ule?

Akatueleza kwamba huo ni ukuta wa mshipa mkuu unaobeba damu kutoka moyoni. Damu inapita tu pale, ukuta hauna sababu ya kula sukari namna ile. Umevimba. Kinga ya mwili, askari wake mwenyewe, wamemgeuka wanashambulia kuta za mishipa yake, na mishipa inabanwa polepole. Ugonjwa huo una jina refu la kigeni. Sitalitaja hapa, si kwamba silijui, bali muda hauruhusu.

Dada akauliza, "Na usingeonekana?" Daktari aliweka kalamu mezani. Akasema, "Mishipa ingeendelea kuziba, mama. Siku moja ingekuwa zamu ya moyo, au ya kichwa."

Hakutuma ujumbe wodini. Alirudi mwenyewe kwa miguu, sisi nyuma yake. Akakaa tena kitandani, akaishika mikono yote miwili ya mpwa wangu kwenye vifundo, kwa wakati mmoja, akafumba macho. Wodi nzima ikatulia, hata mtu wa kitanda cha dirishani aliyekuwa na kikohozi alikizuia. Kisha akamwita yule daktari kijana. "Njoo ushike. Huu wa kulia unapiga. Huu wa kushoto unanong'ona." Kijana akashika. Akashika tena. Nilimwona uso ukibadilika, si kwa aibu. Alikuwa kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Na mpwa wangu akasema, kama anakumbuka jambo dogo, "Mkono huo huwa unakufa ganzi nikianika nguo. Nilidhani ni uchovu wa cherehani."

Wakampiga picha nyingine ya mishipa, yenye dawa ya kuing'arisha, na pale pale palipokuwa na uzi, mshipa ulikuwa umebanwa. Wakamwanzishia dawa za kutuliza wale askari. Tukaambiwa tungoje.

Ndugu zangu, kungoja tunakujua. Lakini nitawaambia asubuhi moja tu. Dawa zilikuwa zimeshaingia mwilini siku chache. Mvua ilikuwa imenyesha, madirisha ya wodi yako wazi. Nilikuja na chai kwenye chupa. Mpwa wangu alikuwa amejikunja, amejifunika mpaka masikio, meno yanagongana. Akasema, "Mjomba, nasikia baridi."

Chupa ya chai niliiacha sakafuni. Sisi tuliokaa na homa ile tunajua: baridi ndiyo inayotangulia, joto linafuata. Nikapiga kelele, muuguzi akaja mbio, dada yangu akaja mbio akitoka bafuni na sabuni usoni. Kipimajoto kikawekwa. Tukasimama tukikitazama kama watu wanaosubiri hukumu. Muuguzi akakitoa, akakisoma, akakipangusa, akakirudisha tena. Akasema, "Hana homa."

Dada akasema, "Anatetemeka huyo!"

Mpwa wangu akatoa kichwa kwenye shuka akanitazama. Akasema, "Mjomba, mbona hata wewe unatetemeka?"

Ndipo nikajitazama. Kweli. Mimi, Fundi Barafu, nilikuwa natetemeka. Muuguzi anatetemeka. Dirisha liko wazi, upepo wa mvua unaingia. Ilikuwa baridi tu, jamani! Baridi ya kawaida, ya watu wote! Mtoto wetu alikuwa amerudi kusikia baridi pamoja nasi. Nimeishi kwa kuuza baridi maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kwamba kuisikia ni neema. Dada yangu hakufunga dirisha. Alisimama pale sabuni ikimkauka usoni, akasema, "Liacheni kwanza."

Daktari wetu wa Picha, unaondoka leo. Utakuwa umekaa katika kile chumba cha giza miaka mingi, ukitazama ndani ya watu ambao hawatakujua hata kwa sura. Wangapi wanatembea mitaani na hawajui kwamba kuna mtu alikaa na chai iliyopoa, akakataa kuridhika na mwanga mkubwa, akautafuta ule mdogo? Mimi siwajui. Wewe pia labda huwajui. Nimeona vijana uliowafundisha wamejaa hapa, na nimewasogelea mmoja mmoja leo kuwauliza swali moja: ukiona mkono unawaka, utafanya nini? Wote wamenijibu, "Nitakwenda kumuuliza mgonjwa." Basi nenda kapumzike, mama.

Naona dada yangu ananionyesha saa, na Mgeni Rasmi ni mvumilivu kuliko nilivyoambiwa. Namalizia.

Wengi mmeniuliza mlangoni, "Fundi, mbona mpwa wako mwenyewe hayupo?" Hata Daktari aliangaza macho akimtafuta. Juzi alikwenda nyumbani kwako, Daktari, mkaagana, mnajua wenyewe mliyosemezana. Leo asubuhi nimempitia kibandani nikiwa nimevaa suti hii, nikamwambia, "Twende, mwanangu, tunachelewa, watu wanataka kukuona." Hakuinua hata kichwa. Kidole gumba hiki hapa, sindano hii hapa, sketi zimerundikana mpaka usawa wa dirisha. Akaniambia, "Mjomba, shule zinafunguliwa kesho. Nenda ukawaambie nipo kazini."

Waheshimiwa, ndugu zangu: yupo kazini.

Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Asanteni sana.